Zamu ya Mia Sita na Kumi na Moja

Pendekezo la siku hiyo lilikuwa na maneno mawili tu, kwa herufi za kijani: VUNJA UKINGONI.

Subilaga Mwasomola alilisoma, akafunga kidirisha, akakifungua tena kana kwamba mashine ingeona aibu na kubadili kauli. Haikubadili. Nje, mvua ya Tukuyu ilikuwa inatwanga bati tangu alfajiri, ile mvua yao isiyo na haraka ya kwenda popote, na chumba kizima kilinuka sweta zilizolowa.

Chini ya pendekezo palikuwa na mistari midogo. Yeye alikuwa mtu wa kusoma mistari midogo.

Jenereta ya Ukingoni ihamishiwe Kitovu. Wakazi wa Ukingoni: 41. Nafasi katika malori yao, betri za safari moja: 23. Hasara: 18. Uwezekano wa Kitovu kuvuka tufani: asilimia 99. Ukikataa pendekezo: asilimia 70.

"Hasara kumi na nane," alisema kwa sauti, peke yake. "Kama nyanya zilizoozea njiani."

Kwenye skrini, Mirihi ilikuwa vibonzo. Makazi yalikuwa vikuba vya samawati: Kitovu, kikubwa, chenye watu mia tatu na kumi na wawili, na Ukingoni, kidogo, mbali upande wa kaskazini, ambako watu arobaini na mmoja walichimba barafu ya maji. Malori yalikuwa visanduku vyenye magurudumu. Kila kitu kinachoweza kutumwa, lori, winchi au mtambo wa kuchimbia, kiliitwa kizio, na juu ya kila kizio palikuwa na nukta: nyeupe kama kimepewa amri, nyekundu kama bado kinangoja. Tufani ya vumbi ilichorwa kama doa la kahawia. Doa hilo lilikuwa limekalia ramani kwa zamu thelathini na nane sasa, likizuia jua, na paneli zote zilikuwa zinakula vumbi badala ya mwanga.

Kona ya chini kulia palikuwa na kitufe cha njano: MALIZA ZAMU. Ukikibonyeza, amri zote za siku huondoka kwa pamoja, husafiri dakika kumi na nne katika anga tupu, kisha watu mia tatu hamsini na watatu huanza kuzitii.

Zamani ulikuwa mchezo kweli. Mchezo wa bure wa kujenga makoloni, wewe unacheza zamu yako, kompyuta au mpinzani wako anacheza yake, na ulifunguka kwenye kivinjari chochote, hata kwenye kompyuta iliyochoka mpaka inapumua kama mgonjwa. Vijana wa nusu ya dunia waliucheza. Shirika lililopeleka watu Mirihi lilipotafuta watu wenye vichwa vya kupanga maji, chakula, umeme na watu kwa wakati mmoja, liligundua kwamba wameshajifundisha wenyewe, bure, kwenye kumbi za intaneti. Basi likachukua mchezo kama ulivyo, na vibonzo vyake na vitufe vyake, likauunganisha na Mirihi.

Subilaga alikuwa na miaka kumi na sita alipokuwa bingwa wa mkoa, pale ukumbini karibu na stendi. Sasa alikuwa na ishirini na saba, ana stashahada ya mipango ukutani na watu mkononi.

*

"Hodi," alisema Bwana Ngailo, ingawa chumba hakikuwa na mlango.

"Karibu, bosi. Umeliona?"

"Nimeliona." Filbert Ngailo, msimamizi wa kituo, aliweka kikombe cha chai karibu na kibodi yake, kwa uangalifu, kama anavyofanya kila siku. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye sweta la shingo ndefu alilofumiwa na mkewe. "Dirisha la kutuma linafungwa saa tisa. Usikae nalo sana, Subi. Jambo la namna hii ukilitazama mno linakua."

"Limeshakua. Lina vichwa kumi na nane."

"Na ukikataa lina vichwa mia tatu na kumi na viwili." Hakupandisha sauti. "Piga hesabu mwenyewe. Tatu katika kumi. Ungepanda basi lenye breki za namna hiyo?"

Subilaga alirudisha macho kwenye ramani. Alijua, na Ngailo alijua kwamba anajua: Edina, binti wa pekee wa Bwana Ngailo, alikuwa Kitovu mwaka wa pili sasa, dereva.

"Sisemi kwa sababu ya mwanangu," alisema Ngailo, kama vile amemsikia.

"Sijasema hivyo, bosi."

"Hata asingekuwepo, ningesema hivi hivi."

"Ninakuamini." Na alimwamini, hilo ndilo lililomkera. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. "Lakini kuna njia ya tatu. Tazama." Alibofya Kitovu. "Kitovu kina malori sita. Yakienda Ukingoni, watu wote arobaini na mmoja wanapata nafasi, na jenereta inakuja nao."

Alibofya lori la kwanza. Kitufe cha TUMA kilikuwa cha kijivu. Akabofya la pili. Kijivu. Yote sita, kijivu, kama meno ya mvuta tumbaku.

"Malori ya Kitovu hayatoki wakati wa tufani," alisema Ngailo. "Betri zake ndizo zinazopasha joto ukumbi wanamokaa wote. Ukiyatoa, Kitovu kinakaa na baridi kwa saa kumi na moja, kwenda na kurudi. Ni kanuni. Mashine haiwezi hata kuifikiria."

"Mashine haiwezi. Na watu?"

"Watu gani?"

"Hao wanaokaa huko."

Ngailo alicheka kidogo, bila furaha. "Watu wa makazi ya kwanza walifikiri wenyewe, binti. Walifikiri mpaka hewa ikaisha. Siku nne wanabishana nani afunge kuba lipi. Ndiyo maana wa sasa hawaoni ramani. Wanapata amri, wanafanya, wanalala. Sisi ndio tunaokosa usingizi. Ndiyo kazi yetu."

Kisha akasema jambo ambalo Subilaga hakulitegemea.

"Na pendekezo hilo unalolikasirikia, usifikiri limetoka mbinguni. Mashine imejifunza kwa wachezaji. Michezo elfu na elfu ya wakati ule. Yako imo. Unakumbuka walikuwa wanakuitaje pale stendi?"

Alikumbuka. Walikuwa wanamwita Nyundo. Katika fainali ya mkoa alivunja makoloni yake madogo saba kwa zamu moja, akarundika mali yote kwenye mji mkuu, akashinda kabla mpinzani hajamaliza soda. Ukumbi mzima ulisimama. Kila alipovunja koloni, kibonzo kilipiga sauti ndogo, *pop*, na tarakimu nyekundu ikapanda juu kisha ikayeyuka. Hakuwahi kuisoma hiyo tarakimu hata mara moja.

"Mkono wako ndio ulioandika hilo pendekezo," alisema Ngailo kwa upole. "Sasa mkono wako ulimalizie."

*

Alipoondoka, Subilaga alikaa na chai mpaka ikapoa.

Kisha lori moja la Ukingoni likabadilika jina.

Hilo lilikuwa jambo dogo, tena la kawaida. Malori ya Mirihi, kama malori ya nyumbani, hayakuendeshwa bila maneno usoni. Wabunifu wa mchezo wa zamani walikuwa wameacha nafasi ya herufi ishirini na nne ili mchezaji avipe vizio vyake majina, na Shirika likawaachia madereva wachezee, maana dereva asiye na maneno kwenye lori lake hujiona kama amepanda la kuazima. Kwa hiyo kule juu kulikuwa na VUMBI HALINITISHI, na SALAMU KWA WAKWE, na HAPA KAZI YA MAMA. Mashine haikuhesabu jina kuwa amri. Jina halikungoja mwisho wa zamu. Lilipita wakati wowote, pande zote mbili, na hakuna aliyelikagua, kwa sababu nani atakagua maneno ya nyuma ya lori?

Lori lililobadilika lilikuwa la Nyamizi Kapela, mwanamke wa Ukingoni ambaye Subilaga alimjua kwa lori tu. Asubuhi lilikuwa linaitwa BADO SIJACHOKA. Sasa lilikuwa linaitwa:

MKONO UPO? TUNA BARIDI

Mkono ndilo jina walilompa mchezaji. Hawakujua ni mwanamke, hawakujua anakaa Tukuyu, hawakujua kama ni mtu.

Subilaga alitazama maneno hayo mpaka herufi zikaanza kucheza. Watu wale hawakujua lolote. Redio kati ya makazi mawili ilikuwa imekufa wiki mbili kwa tufani. Ukingoni walidhani Kitovu wako salama. Kitovu walidhani Ukingoni wako salama. Yeye peke yake, na sweta lake lililolowa, ndiye aliyejua, na pendekezo lilimtaka ajue peke yake mpaka mwisho.

"Nipo," alisema. Kisha akaona upuuzi wa kuongea na skrini, akaanza kazi.

Kwanza alivipa vizio vyote amri za siku, kimoja kimoja, amri za kawaida: safisha paneli, kagua bomba, kaa ulipo. Nukta nyekundu zikageuka nyeupe. Vyote, isipokuwa lori la Nyamizi. Hilo aliliacha na nukta yake nyekundu.

Mchezo ule ulikuwa na ukaidi wake wa kizamani. Zamu haimaliziki mpaka kila kizio kiwe na amri. Na mchezaji habadilishwi katikati ya zamu. Hubadilishwa kati ya zamu na zamu, ili asisukumwe akiwa bado anafikiri. Lori moja lisilo na amri, na Shirika zima na majengo yake ya vioo lingeweza kupiga kelele mpaka likauke koo.

Kisha akaenda kwenye vizio vya Kitovu, akaanza kufuta majina.

VUMBI HALINITISHI likawa UKINGONI WAKO WATU 41.

SALAMU KWA WAKWE likawa WANA NAFASI YA WATU 23.

Winchi ikawa NIMEAMBIWA NIACHE 18.

Mtambo wa kuchimbia ukawa BILA HIVYO KITOVU BARIDI.

Aliandika polepole, akihesabu herufi kwa vidole, kama mtu anayefunga chumvi kwenye karatasi. HATARI YENU 3 KATIKA 10. Halafu: MALORI 6 YANGEWABEBA. Halafu: NIMEZUIWA KUYATUMA. Kwenye vizio vya Ukingoni aliandika hayo hayo, na hakupunguza kitu. Mkono wake ulisita kidogo tu alipofika kwenye ile kumi na nane. Kisha akaiandika kwa tarakimu, kubwa, kama ilivyo.

Mwisho: SIMALIZI ZAMU. Na kizio cha mwisho kabisa, pampu kongwe ya Kitovu: AMUENI NYINYI.

Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

*

"Umefanya nini?"

Bwana Ngailo hakubisha hodi safari hii. Alikuwa ameona majina kwenye kompyuta yake ya ofisini, na uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Nimewaambia."

"Umewaambia!" Alishika kichwa. "Subilaga, umewapa watu mia tatu hofu, katika tufani, halafu umefunga mlango. Watapigana. Yatakuwa yale yale ya kwanza."

"Labda."

"Na wakikaa ukumbini, wakapiga kura, wakasema tuleteeni jenereta, hao kumi na nane wafe? Eh? Utafurahi?"

"Sitafurahi." Aligeuza kiti akamtazama. "Lakini itakuwa wamewatazama watu, wakawajua kwa majina, wakasema kwa midomo yao wenyewe. Mimi ningebonyeza kitufe cha njano na kwenda kula wali. Bosi, nimeshacheza hivyo. Nimeshapigiwa makofi kwa kucheza hivyo. Sirudii."

"Hii si heshima yako inayochezewa hapa! Ni roho za watu!"

"Ndiyo nasema! Roho za watu, na wenyewe hawakuulizwa! Ungekuwa wewe uko Ukingoni ungetaka upewe amri ya kufa na mtu anayekunywa chai?"

Ngailo alikiweka kando kikombe cha chai. Alisogea. Alikuwa na miaka hamsini na sita na hakuwahi kumgusa mfanyakazi hata kwa kidole, lakini sasa aliusukuma mkono wake pembeni na kushika kipanya. Subilaga angeweza kuuvuta waya. Aliutazama waya. Aliuacha.

"Lori moja tu," alisema Ngailo, akijisemea. "Nalikubali pendekezo, amri zake zinafuta zako, nalipa hili amri, zamu inaisha. Nisamehe, binti."

"Usiniombe mimi. Bonyeza. Ila soma jina lake kwanza."

Mshale ulitambaa kwenye ramani, ukavuka doa la kahawia, ukafika juu ya nukta nyekundu. Na wakati huo huo, maana dakika ishirini na nane zilikuwa zimetimia, za kwenda na za kurudi, jina la lori la Nyamizi Kapela likabadilika mbele ya macho yao:

MIMI NI WA 23 AU WA 18?

Mvua ilipiga bati. Kidole cha Bwana Ngailo kilikuwa juu ya kipanya, kimekunjika kidogo, tayari.

"Mjibu," alisema Subilaga. "Wewe ndiye umeshika. Mjibu basi."

Kidole hakikushuka. Kikakaa pale, kikakaa, mpaka Ngailo akauondoa mkono kama mtu anayeutoa kwenye sufuria ya moto. Alikaa kwenye sakafu. Si kwenye kiti. Sakafuni, na sweta lake zuri, mgongo kwenye ukuta.

"Mama yake atanihoji," alisema. "Edina akipatwa na kitu, mama yake atanihoji mpaka nife."

"Atatuhoji wote wawili."

*

Majina ya Kitovu yalianza kubadilika saa nane kasoro.

TUMESOMA, ilisema winchi.

HATUKUJUA, ilisema pampu.

Kisha vikafuatana haraka, vingine vikigombana, maana kila kizio kilikuwa na mtu wake na kila mtu alikuwa na lake. NANI KASEMA NI KWELI? MKONO NI MWONGO. NDUGU YANGU YUKO HUKO. TUSITOKE TUTAKUFA. KAENI KIMYA TUONGEE. Mtambo mmoja uliandika tusi zito la nguoni lililojaza herufi zote ishirini na nne barabara, na Subilaga alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka, kwa sababu kwa zamu mia sita na kumi na moja hakuna kizio kilichowahi kumtukana.

Halafu kimya. Dakika kumi, ishirini. Hakuna jina lililobadilika. Ngailo aliinuka kutoka sakafuni akasimama nyuma ya kiti.

"Wamekwenda ukumbini," alisema.

"Au wameanza kupigana."

"Au wameanza kupigana," alikubali.

Saa nane na dakika thelathini na nane, pampu kongwe ikasema: KURA 207 KWA 94.

Haikusema kura za nini. Subilaga alishika kingo za meza. Aliona sasa, waziwazi, jambo ambalo alikuwa amelisema kwa ujasiri saa moja iliyopita: kwamba wanaweza kuchagua vibaya, na kwamba yeye atakuwa amewapa kisu.

Kisha malori ya Kitovu yakaanza kusogea.

Hayakuwa na amri ya kusogea. Ramani ilisema KAA ULIPO juu ya kila moja, kwa herufi safi, na kila moja lilitoka chini ya amri hiyo likaiacha imening'inia hewani juu ya mahali patupu. Moja. Mawili. Mashine ikafungua kidirisha: HITILAFU YA RAMANI. Akakifunga. Ikafungua kingine. Akakifunga. Matatu. Manne. Kipimo cha joto cha ukumbi wa Kitovu kikaanza kushuka, digrii moja, digrii mbili, na pampu ikasema: BARIDI TUTAIVUMILIA.

La tano. La sita, lililokuwa linaongoza sasa kwa kuwapita wenzake, lilikuwa na jina jipya, BINTI NGAILO.

Bwana Ngailo alitoa sauti, si neno. Aliinama mpaka paji lake likakaribia skrini.

"Anaendesha kasi mno," alisema. "Siku zote anaendesha kasi mno. Subi, mwandikie apunguze."

"Itamfikia baada ya dakika kumi na nne, bosi."

"Mwandikie hivyo hivyo."

Alimwandikia. PUNGUZA MWENDO. BABA. Kisha akaenda kwenye lori la Nyamizi, lililokuwa bado na nukta yake nyekundu na swali lake, akafuta swali, akaandika: WA 41. WANAKUJA.

Simu ya mezani ililia saa tisa na dakika mbili. Ilikuwa ni ile simu nyeusi ya Makao Makuu, ambayo haikulia zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Ngailo aliitazama lakini hakuondoa mkono kwenye meza. Subilaga akaipokea.

"Tukuyu," ilisema sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyesimama. "Zamu ya mia sita na kumi na moja haijafika. Dirisha limefungwa. Na malori ya Kitovu yanatembea. Nani kayatuma?"

"Wamejituma."

"Sijakuelewa. Hakuna mtu wa kujituma kule. Kuna kizio kimoja kinaonyesha hakina amri. Kipe amri, umalize zamu, tuweke mchezaji mwingine."

"Hapana."

"Unajua unaongea na nani?"

"Sijui. Na wewe hujui unaongelea nani, kwa hiyo tuko sawa."

Upande wa pili kulikuwa na watu wengi sasa; alisikia viti vikisukumwa, mtu akiuliza nywila, mtu mwingine akisema haiwezekani, katikati ya zamu haiwezekani. Kwenye skrini, lori la kwanza lilifika pale doa la kahawia lilipokoza. Likaingia. Likawa kivuli, kisha nukta, kisha likawa halionekani, na la pili likaingia nyuma yake. Kipimo cha joto cha Kitovu kilishuka digrii nyingine. Zilibaki saa kumi na dakika thelathini na tano.

"Tukuyu!" ilisema simu. "Nauliza kwa mara ya mwisho. Nani anacheza hapo?"

"Hapa hakuna anayecheza," alisema Subilaga, akakata simu.